Maswali ya Kiingereza Chini ya Mlima Nzaui

"Borrow me a pen." Sentensi hiyo ilisemwa hapa kwetu Matiliku, Ukambani, kabla sijazaliwa, na itasemwa nikishazikwa. Nimeisahihisha kwenye madaftari ya watoto, nikaisahihisha kwa wazazi wao, na sasa naisikia vinywani mwa wajukuu. Mtu akinijia leo akauliza tofauti ya "borrow" na "lend" simwoni mjinga hata chembe. Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja tu: mimi naazima kalamu kwako, nawe waniazima kalamu hiyo hiyo. Anayetoa na anayepokea wanatumia neno lile lile, na viambishi ndivyo vinavyoonyesha kalamu inaelekea wapi. Mtoto aliyezoea hivyo anatafuta "azima" ya Kiingereza, anapata "borrow", anaitumia kila mahali. Amefikiri sawasawa. Shida ni kwamba hajaambiwa kuwa Waingereza wameigawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili.

Nilifundisha Kiingereza madarasa ya juu ya shule za msingi upande huu wa Nzaui mpaka nikastaafu. Siku hizi nina duka dogo la vifaa vya shule hapa sokoni, na mbele yake kuna benchi. Watoto huja kununua madaftari, watu wazima huja na fomu za kujazwa, na wote wakishanunua walichofuata huchomoa swali. "Mwalimu, hivi ni 'discuss' ama 'discuss about'?" "Mwalimu, kwa nini wamenikata alama kwa 'furnitures'?" "Susu, kwa nini 'he goes' ina s na 'they go' haina, na hao 'they' ndio wengi?" Hilo la mwisho ni swali safi kabisa. Mtoto wa kwetu anajua kwamba nafsi hukaa mwanzoni mwa kitenzi: anaenda, wanaenda. Anakutana na lugha iliyoitupa nafsi mkiani, tena kwa mtu mmoja peke yake, tena kwa herufi ambayo juzi tu ameambiwa ni ya wingi.

Historia za shule zetu huandikwa kwa majengo: nani alitoa shamba, bati liliezekwa lini, mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa nani. Historia ya maswali haiandikwi. Nami nasema maswali haya yana umri na yana asili, na mengi yalikaa bila jibu kwa sababu lugha ambayo yangejibiwa kwayo ilizuiwa langoni mwa shule.

Kuna jambo husahaulika. Maswali ya kwanza ya sarufi ambayo tuna ushahidi wake yaliulizwa na Mzungu, na yalihusu Kikamba. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alifika Ukambani mwaka 1849 akakutana na Kivui wa Kitui, tajiri aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu kwenda pwani. Alirudi 1851, na safari hiyo Kivui akauawa na Krapf akaponea chupuchupu. Katikati ya safari hizo mbili, mwaka 1850, Injili ya Marko kwa Kikamba ilikuwa imekwisha kupigwa chapa Tübingen, Ujerumani, na mwaka huo huo ukatoka msamiati wake wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwamo. Haiwezekani mtu atoe vitabu hivyo bila kuketi na wenyeji na kuwasumbua: hii mnaiitaje, na zikiwa mbili, na kama ilikuwa jana? Wakamba waliokuwa wamehamia nyuma ya Mombasa kwa biashara walimjibu. Baadaye Hilda Hinde naye aliuliza, akatoa orodha ya maneno ya Kikamba na Kikikuyu mwaka 1904. Hakuna aliyewavalisha wageni hao kibao cha adhabu shingoni kwa kukosea ngeli zetu.

Kisha ukaja mwaka wa Nzaui. Mlima huu tunaouona kila asubuhi ndio ambao wazee husema Mulungu aliwashushia watu wa kwanza, na nyayo zao ziko mwambani. Desemba 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wachache wa Africa Inland Mission walipanda kutoka Mombasa wakaanzisha hapa kituo chao cha kwanza. Scott alizaliwa Glasgow akalelewa Philadelphia, na misheni yenyewe ilizaliwa huko huko Philadelphia. Baada ya Nzaui walifungua Sakai, Kilungu na Kangundo. Baada ya takriban mwaka mmoja, Desemba 1896, Scott akafa kwa homa. Wenzake wengi ama walikufa ama waliondoka kabla karne haijaisha, na njaa kubwa tunayoiita Ngomanisye ikapiga nchi. Kwa hiyo Kiingereza kilifika mlimani kwetu mapema kuliko sehemu nyingi za bara, kisha kikaondoka mapema vile vile.

Kikamba hakina p wala r. Peter katika Biblia yetu ni Vetelo, na Paulo ni Vaulo. Nikimfikiria kijana wa Nzaui wa 1896 anayemwita mmisionari kwa jina lake, nasikia kabisa somo la kwanza la matamshi, na mwanafunzi hakuwa na haja ya kuona haya. Leo nchi nzima huwacheka Wakamba kwa kutia m mbele ya b na n mbele ya d. Sarufi yetu ndivyo ilivyo: sauti hizo kwetu hazitembei peke yake. Duka kwetu ni nduka, gari ni ngali. Mcheshi wa redio anapata mshahara kwa jambo ambalo mwalimu angelieleza kwa dakika mbili.

Wamisionari waliporudi kwa nguvu, Machakos, Mbooni na Mukaa, shabaha yao ilikuwa mtu asome Neno la Mungu, na alisome kwa lugha yake. Agano Jipya la Kikamba lilitoka 1920, Biblia nzima 1956. Kwa kazi hiyo nawavulia kofia. Ila katika sukulu zao Kiingereza kilitolewa kwa kijiko. Tume ya Phelps-Stokes ilipozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, nayo iliunga mkono lugha za nyumbani kwa miaka ya mwanzo, na kwa ualimu nadhani walikuwa na haki. Lakini mzazi wa Ukambani hakuitazama hoja hiyo kwa macho ya ualimu. Alichoona ni kwamba karani wa bwana shauri anajua Kiingereza, mkalimani wa mahakama anajua, na yeye aliyesoma Yohana mpaka mwisho kwa Kikamba bado analima barabara bila malipo.

Mwaka 1938 ndipo jambo hilo lilipowauma watu barabara. Serikali iliwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu, ikidai mifugo imezidi ardhi. Muindi Mbingu na chama cha Ukamba Members Association wakaongoza maelfu kwenda Nairobi kwa miguu, wakapiga kambi huko wiki kadhaa, na malalamiko yao yakapelekwa kwa maandishi hadi kwa Waziri wa Makoloni, London. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini ng'ombe walirudishwa. Watu waliondoka na funzo moja la shule: barua inayofika London haiandikwi kwa Kikamba. African Brotherhood Church ilipozaliwa 1945 ikijitenga na misheni, kiu ya shule ilikuwa moja ya mambo yaliyoisukuma.

Baba yangu alikuwa askari wa King's African Rifles, akaenda Burma. Jeshini amri zilitolewa kwa Kiswahili, lakini alirudi na daftari la jalada gumu alimonakili sentensi za Kiingereza kutoka kwenye barua za ofisini. Watu walimjia awaandikie barua kwa chifu, kwa mwajiri Nairobi, kwa idara ya malipo ya askari. Kila barua aliimaliza vile vile: "I have the honour to be, Sir, Your obedient servant." Mwandiko wake ulilala upande wa kulia, na ile "Sir" aliipigia mstari kwa rula.

Nilipokuwa darasa la sita aliniita akaniuliza swali ambalo lilikuwa likimsumbua tangu vitani. "Hii 'have' ni ya kuwa na kitu. 'I have a cow.' Haya, nina heshima, hiyo naielewa. Lakini wanasema pia 'I have eaten'. Nina nini hapo? Chakula kimekwisha kuliwa, nimebaki na nini?" Nilimjibu kama nilivyofundishwa, kwamba ni kanuni. Alinitazama akafunga daftari.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba swali la baba limejaa vitabuni mwa wataalamu wa historia ya Kiingereza. Zamani za kale Mwingereza alisema kama mtu anayesema "ninayo barua, imeandikwa". Polepole kumiliki kukafifia, ikabaki alama ya jambo lililokwisha kutendeka. "Have" ya ng'ombe na "have" ya kula ni ndugu wa baba mmoja. Na "-me-" yetu katika "nimekula", wanaisimu husema, ilitoka katika kitenzi cha zamani cha kumaliza. Mwingereza anamiliki kitendo chake, Mswahili anakimaliza. Mzee aliyesoma miaka michache tu chini ya mti alikuwa amekiona kiungo hicho kwa macho yake, na shule ikamjibu kwa mdomo wa bintiye kwamba ni kanuni.

Mimi ni mtoto wa zama za "New Primary Approach". Mwaka 1957 palifunguliwa Nairobi kituo maalumu cha kutayarisha masomo ya Kiingereza tangu darasa la kwanza, wakaanza na watoto wa Kihindi waliokuwa na lugha nyingi nyumbani. Kuanzia 1961 mpango ukasambazwa kwenye shule za Waafrika, pamoja na vitabu vya "Peak". Uhuru ulipokuja, Tume ya Ominde ya 1964 iliona wananchi wanautaka, ikapendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu siku ya kwanza. Wazazi walishangilia. Kile kilichotolewa kwa kijiko sasa kilimwagwa kwa sufuria.

Nakumbuka raha ya "Peak", sitaki kuwa mnyimi. Tulisema na kutenda: "I am walking to the door. I am opening the door." Mwalimu mzuri angeweza kukufikisha mbali kwa njia hiyo. Walimu wengi, hata hivyo, walipewa kozi fupi tu, nao Kiingereza chao kilikuwa hatua tatu mbele ya chetu. Swali lilipozuka nje ya ukurasa, hawakuwa na pa kukanyaga.

Ndipo kikaja kibao. Kwingine Kenya huitwa diski, kwingine monita. Ngũgĩ wa Thiong'o amekieleza kwa upande wa kwao. Chetu kilikuwa kipande cha ubao wa sanduku la chai, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa pembeni na kutiwa uzi wa mkonge uliosokotwa na mama zetu, ule ule wa kusukia kyondo. Kiranja alimvalisha wa kwanza kusikika akisema Kikamba asubuhi. Huyo alizunguka akitega sikio mpaka amnase mwenziwe, akamvalisha. Saa kumi jioni kwenye gwaride mwenye kibao alisimama mbele, akamtaja aliyempa, naye akamtaja aliyempa, mnyororo ukarudi nyuma hadi asubuhi, na wote walichapwa. Uzi wa mkonge huwasha shingo ukipata jasho. Alama nyekundu ilibaki mpaka kesho yake, na nyumbani mama aliijua bila kuuliza.

Mengi yamesemwa kuhusu kibao na heshima ya mtu, na yote ni kweli. Mimi nilikuwa mwalimu wa sarufi, kwa hiyo nina langu la ziada. Kibao kiliua maswali. Ili kuuliza kwa nini "did you went" ni kosa, mtoto anahitaji Kiingereza kipana kuliko kile anachokiulizia. Angeuliza kwa Kikamba kwa pumzi moja: wakati uliopita umeonyeshwa mara moja, kwa nini usionyeshwe mara mbili, mbona sisi tunasema "alikuwa amekwenda"? Swali lenye akili. Lakini Kikamba kina kibao, Kiingereza hakitoshi, basi ananyamaza. Mkaguzi akija anaandika kwamba darasa lina nidhamu.

Mfano wangu mkubwa kuliko yote ni wakati. Kila mwaka niliofundisha, bila kukosa, watoto waliandika "I have seen him yesterday". Vitabu vyote vinasema ni kosa na hakuna kinachomweleza Mkamba kwa nini. Kitenzi cha Kikamba kina utajiri ambao Kiingereza hakina: tuna umbo moja la kilichotokea leo, lingine la jana na siku za karibu, lingine la zamani. Wilfred Whiteley na M. G. Muli waliyapanga vizuri katika kitabu chao cha 1962. Mtoto wa Matiliku anaingia darasani tayari anaukata wakati uliopita vipande vitatu kwa saa na siku. Mwalimu anamletea vipande viwili, "I saw" na "I have seen". Ni haki yake kudhani kimoja ni cha karibu na kingine cha mbali, na jana ni karibu, basi "I have seen him yesterday".

Nilipopata darasa langu mwenyewe nilifunga mlango, nikasema kwa Kikamba: sahauni karibu na mbali. Mwingereza hajali ni leo au ni mwaka wa njaa. Anajali kama saa imetajwa na kufungwa. Ukitaja jana, ukitaja saa mbili, ukitaja 1963, mlango umefungwa, sema "saw". Usipotaja, na jambo lenyewe bado lina kazi leo, sema "have seen". Kisha nikarudi kwenye Kiswahili: nilimwona, nimemwona. Mtoto mmoja nyuma akasema, "Kwa hivyo mwalimu, 'nimemwona jana' ni makosa hata kwa Kiswahili?" Darasa likaanza kubishana, wengine wakisema baba zao huongea hivyo hivyo, na mabishano yakaendelea mpaka kengele. Sijapata kipindi bora cha Kiingereza kuliko hicho, na nusu yake haikuwa Kiingereza.

Kuna lingine dogo lenye hatari kubwa: jibu la swali la kukana. "Didn't you see the thief?" Mtu wetu ambaye hakumwona hujibu "Yes", yaani ndiyo, ni kama usemavyo, sikumwona. Mwingereza husikia kwamba alimwona. Darasani unakosa alama moja. Kizimbani, mkalimani akisinzia, unakosa zaidi ya hiyo. Na "isn't it?" mwishoni mwa kila sentensi, "You are coming, isn't it?", ni "sivyo?" yetu iliyovaa suti; sisi tuna moja inayotosha kila mahali, wao wana mkia tofauti kwa kila kitenzi. "Although it rained, but we went" ni "ingawa... lakini". "I am hearing a bad smell" ni sisi tunaosikia harufu, tunaosikia njaa, tunaosikia baridi. Yote haya hujibika kwa dakika moja kwa mtu anayeruhusiwa kulinganisha.

Badala ya kulinganisha tulipewa mtihani. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulileta KCPE, na Kiingereza kikawa maswali 50 ya kuchagua A, B, C au D, kisha insha. Karatasi ya kuchagua ilikuwa na ladha zake: "question tags", "No sooner had... than", "Hardly... when", jozi za wanyama na watoto wao. Nimewafundisha watoto wasiowahi kumwona bata bukini kwamba dume lake ni "gander". Chanzo kimoja cha mambo hayo kilikuwa kitabu cha Angus Maciver, "The First Aid in English", kilichotoka Glasgow 1938 kwa ajili ya watoto wa Uskoti. Hapa kwetu kiliheshimiwa karibu sawa na Biblia. Kilijibu maswali ya mtoto anayekijua Kiingereza tayari na anahitaji kukinyoosha. Maswali ya mtoto wa Nzaui hayakuwamo kwa sababu mwandishi hakuwa amekutana naye.

Vitabu vilivyotujibu vilitoka mbali zaidi, na wengi wa walimu wenzangu hawakuvijua. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, alitoa na wenzake wawili kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942. Oxford ikaichukua na kuitoa tena 1948. Ndiyo iliyowafundisha watu kutia alama nomino zinazohesabika na zisizohesabika, na kueleza kila kitenzi kinafuatwa na nini. Hebu fikiria: Mwingereza wa London hajawahi kuuliza kama "furniture" inahesabika. Swali hilo ni la Mjapani, la Mbengali wa Dhaka alikofundisha Michael West, la Mkamba wa Matiliku. Sarufi ya kisasa ya wanafunzi wa Kiingereza, mpaka kile kitabu cha Raymond Murphy kilichotoka 1985, mwaka ule ule wa KCPE, imejengwa juu ya maswali ya watu kama sisi. Wajapani walipata mtu wa kuyaandika. Sisi wetu waliyachapa viboko.

Sisemi hatukuwa na watu. John Mbiti wa Mulango, Kitui, alitoa msamiati wa Kiingereza na Kikamba mwaka 1959, kabla hajajulikana ulimwenguni kwa vitabu vyake vya dini. Nilikuwa na nakala moja iliyochakaa, na nilimwazima mwalimu mmoja ambaye hakuirudisha. Nimemwambia mara nyingi kwamba alijifunza "borrow" bila kufika kwenye "return".

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na maswali ya benchini kwangu yamebadilika sura. Sasa waulizaji wengi ni wakubwa, na wakali zaidi ni wauguzi. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya mwaka 2021, na mwaka huo huo Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliofaulu. Nchi ilicheka, ikashangaa, ikalaumu shule za siku hizi. Mimi sikucheka. Uingereza hudai alama 7 za mtihani huo wa IELTS katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mtu aliyefaulu kwa kuchagua A, B, C au D maisha yake yote anaambiwa aandike maneno 250 kwa dakika 40, na kila "the" itazamwe.

Muuguzi mmoja wa huku alikuja na insha yake jioni moja, bado amevaa sweta ya kazini. "Mwalimu, zote nazielewa. Hii 'the' ndiyo inaniua. Naiweka, wanaitoa. Naitoa, wanaiweka." Alikuwa ameandika "The nature is important for the health". Tuliiacha insha. Nikamwambia anisimulie kwa Kikamba mgonjwa wa mwisho aliyemhudumia. Akaanza: amekuja mama mmoja, amebeba mtoto, yule mtoto alikuwa na homa. Nikamsimamisha. Umesema "mama mmoja", kisha "yule mtoto". Kwa nini hukuanza na "yule mama"? Akacheka: "Si ulikuwa humjui bado." Basi hapo ndipo inapokaa "the", nikamwambia: pale unapojua kwamba msikilizaji wako tayari anamjua. Na afya kwa jumla, maumbile kwa jumla, je, ungesema "yale maumbile"? Akafuta zote mbili kwa kalamu yake mwenyewe. Alipita kuandika kwenye jaribio la pili, na sasa yuko Leeds.

Mtaala wa sasa, ulioanza kujaribiwa 2017, unataka gredi ya kwanza hadi ya tatu zifundishwe kwa lugha ya eneo, na Kikamba kina vitabu vyake. Sera hiyo naikubali, ila inaishia pale maswali yanapoanza. Ni gredi ya nne na kuendelea ndiko mtoto anakutana na "have", "did" na "the" kwa ukali wao, na huko tumerudi kwenye Kiingereza peke yake. Shule kadhaa bado zina kibao, hata kama siku hizi kimepewa jina la upole.

Mwalimu mwenzangu wa gredi ya nne, Nzaui, Kitui au popote, naomba jambo dogo. Nunua daftari moja la kurasa 96, uliweke juu ya meza, na kila swali la Kiingereza ambalo mtoto ameuliza kwa Kikamba liandike humo kwa Kikamba, neno kwa neno, kabla hujalijibu. Likijaa niletee Matiliku nilisome. Daftari jipya nitakupa mimi, bure.